Mfungwa na Usafi wa Chakula

Je, jamii ina wajibu wa kumfundisha mfungwa namna ya kula kwa usalama na kuishi kwa afya? Wapo wasemao kwamba mhalifu hastahili kutunzwa kuliko mkulima wa Shinyanga au mchimbaji mdogo wa Geita, ambaye hakumdhulumu mtu na bado hunywa maji ya dimbwi. Hoja hii si ya kudharauliwa; yatupasa tuipime.

Kwanza, na tuitazame adhabu yenyewe. Hakimu humhukumu mtu kifungo. Hamhukumu kuhara wala kipindupindu. Mtu huru akikishuku chakula hukiacha akatafuta kingine. Mfungwa hana hiari hiyo, na aliyemwondolea hiari amejitwika dhamana ya afya yake. Ndiyo maana Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zadai mfungwa apewe chakula chenye lishe kilichoandaliwa vema, na maji kila anapoyahitaji.

Pili, elimu si kibaba cha unga kipunguacho kwa kugawanywa. Mfungwa ana kwao. Akirudi Kahama atajua kwamba mahindi yasiyokauka vema huota kuvu, na kwamba sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ataikausha michembe yake barabara na kutenganisha nyama mbichi na chakula kilichoiva. Akirudi machimboni Geita atajua kwamba chombo kilichochomewa dhahabu yenye zebaki hakipikiwi uji wa watoto, na kwamba moshi wake ni sumu.

Lakini tusijidanganye. Kumhubiria usafi mtu asiye na sabuni wala maji ni dhihaka. Somo la kwanza limo katika sufuria ya gereza lenyewe.

Taifa letu lilikwisha kutuonyesha njia. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Wito ule ulimtaja mtu, haukumtaja raia mwema peke yake. Na kule Zanzibar gereza huitwa Chuo cha Mafunzo. Jina hilo ni ahadi, na ahadi ni deni.

Basi kilio cha mkulima asiye na maji safi ni cha haki. Dawa yake ni kumpatia maji hayo, wala si kumnyima mfungwa.