Je, Umeyapata kwa Nani?



Katika nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo yupo kijana wa sekondari au wa chuo ambaye jioni huketi na daftari lake, akiandika kazi aliyopewa na mwalimu. Wazazi twamwona akiandika, twafurahi, wala hatumwulizi zaidi. Mwezi huu twapenda kuuliza jambo ambalo huonekana kuwa dogo, tena la walimu peke yao. Ni ile orodha ya vitabu mwishoni mwa kazi, ambayo wengine huiita marejeo na wengine bibliografia. Je, ni desturi ya shule tu, kama kuvaa sare, au ni jambo la haki na dhambi? Sisi twaona kwamba ni jambo la haki na dhambi, na twapenda kueleza sababu zetu.

Kwanza tuseme jinsi inavyofanywa, kwa ajili ya wale wasioizoea. Mwandishi akichukua wazo, hesabu au maneno ya mwingine, hutaja papo hapo jina la mtu huyo, mwaka wa kitabu na ukurasa. Akiyaandika maneno yenyewe kama yalivyo, huyafunga kwa alama za kunukuu. Mwishoni huorodhesha vitabu vyote alivyovitumia kwa kufuata herufi za majina ya waandishi: jina, mwaka, kichwa cha kitabu, mji kilikochapishwa, na mchapishaji. Jambo linalojulikana na watu wote, kama vile Tanganyika kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, halihitaji kutajiwa kitabu. Ni hayo tu. Asubuhi moja yatosha kujifunza.

Wengi wakiona kazi iliyonakiliwa husema, huu ni wizi, amri ya nane imevunjwa. Nao wana haki kusema hivyo. Katika sura ya 23 ya Yeremia twasoma kwamba Bwana yu kinyume cha manabii wanaoibiana maneno, kisha wakayatangaza kuwa yametoka kwake. Lakini vijana werevu hutujibu: mtu akiibiwa jembe, hana jembe tena, akichukuliwa wazo, wazo bado analo. Mwandishi wa London aliyekufa zamani amepungukiwa nini, ikiwa mwanafunzi wa Kibondo hakumtaja? Jibu hilo si la kipuuzi, na walimu hawafanyi vema kulikemea tu.

Sisi twadhani kosa lenyewe limo zaidi katika amri ya tisa, ile ya kushuhudia uongo. Kila aandikaye ni shahidi. Watu wa kwetu waliowahi kukaa katika kesi ya mpaka wa shamba wanajua swali la kwanza ni lipi: uliona mwenyewe au uliambiwa? Na kama uliambiwa, nani alikuambia? Shahidi anayeficha hilo huwanyima wazee nafasi ya kwenda kwa yule aliyeona na kumwuliza. Kwa hiyo msomaji naye hudhulumiwa, hata kama mwandishi wa London amelala kwa amani kaburini mwake.

Ndiyo sababu twaona orodha ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na orodha kabisa. Mwanafunzi hufungua vitabu viwili, akaandika kumi ili mwalimu apendezwe. Siku hizi ziko na programu za kompyuta ambazo ukiziomba orodha ya vitabu hukutungia majina mazuri ya vitabu ambavyo hakuna mtu aliyepata kuviandika. Mwaka 2023 mahakama mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuleta mbele yake kesi za namna hiyo, ambazo hazikuwahi kuamuliwa popote. Hao walikuwa watu wazima wenye vyeti, basi tusishangae sana kwa kijana wa kidato cha tano.

Imani yetu wenyewe imepokelewa kwa njia ya watu waliotaja walikotoa habari. Luka aanza Injili yake kwa kukiri kwamba wengine waliandika kabla yake, na kwamba habari zilitoka kwa walioshuhudia kwa macho. Kitabu cha Yoshua na kile cha Samweli wa Pili hututajia Kitabu cha Yashari, ambacho hatunacho tena. Paulo aliposema na watu wa Athene hakuona haya kuwaambia kwamba neno lile lilitoka kwa watunga mashairi wao. Na lugha hii tunayoiandika ina mfano mzuri. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, yasema katika ukurasa wake wa kwanza kwamba imejengwa juu ya kamusi ya Madan. Huyo Madan alikuwa mtu wa misheni ya Kianglikana ya Unguja. Johnson hakupungua kwa kumtaja.

Upo pia mfano usiotufurahisha. Martin Luther King, mchungaji wa Kibaptisti wa Marekani, alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1955. Mwaka 1991 kamati ya chuo hicho ilithibitisha kwamba katika tasnifu yake alichukua sehemu za maandishi ya wengine bila kuwataja ipasavyo. Shahada haikuondolewa. Kamati ilishauri barua iambatishwe na nakala iliyomo maktabani, ili asomaye ajue. Twaona walitenda vema, kwa kuwa kazi kubwa aliyoifanya mtu yule haikufutwa, wala ukweli haukufichwa. (Nasi tunaohubiri tusijione tuko mbali. Hakuna anayetaka kusomewa orodha ya vitabu mimbarani, watu wangesinzia. Lakini kuuchukua ushuhuda wa mwenzako na kuusimulia kana kwamba mambo hayo yalikupata wewe, hilo halina udhuru.)

Sasa tuje kwa jambo linalotugusa zaidi sisi wa Buha. Tuchukue mfano. Mwanafunzi ameambiwa aandike habari za kale za nchi yetu. Vitabu ni vichache, na maktaba i mbali. Huenda kwa bibi yake Heru Juu. Bibi humsimulia zama za Mwami Theresa Ntare, na jinsi wateko walivyosimamia mambo ya ardhi. Kisha humwambia jinsi Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulivyofika hata Buha, nani aliungama mbele ya watu, na nani alirudisha mbuzi wa jirani. Kijana aandika kurasa nane. Mwishoni orodha ina vitabu vitatu vya Kiingereza, ambavyo vyote pamoja vilimpatia kurasa mbili, na bibi hayumo. Ukimwuliza, hujibu: bibi si kitabu.

Jibu hilo latuuma kuliko kunakili kwenyewe. Maana yake ni kwamba aliyeandikwa na mgeni ana deni la kulipwa, na aliyesimulia kwa Kiha jikoni kwake hadaiwi wala hadai. Lakini dawa ya deni ni kulipa, na deni la bibi ndilo kubwa. Wasomi wenyewe waliliona zamani. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya kazi Kongo, Rwanda na Burundi, alichapisha mwaka 1961 kitabu juu ya mapokeo ya mdomo. Alifundisha kwamba habari ya kusimuliwa ni ushahidi, ila hupimwa kwa kujua nani aliisimulia na yeye aliipata kwa nani. Majirani zetu Waislamu wa Ujiji hawakuhitaji kuambiwa hayo, kwa kuwa hadithi ya Mtume kwao hutajwa pamoja na mnyororo wa walioipokea.

Hata hivyo si kila jina liandikwe. Wilaya zetu zilipokea watu waliokimbia vita, kutoka Burundi mwaka 1993 na tena 2015, na kutoka Kongo mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu. Mwanafunzi akisikiliza habari za mama aliyekimbia, jina lake likiandikwa laweza kumtia hatarini yeye, au ndugu zake waliobaki. Hapo aandike: mama mmoja wa Burundi, aliyefika mwaka fulani, jina limehifadhiwa. Msomaji hajadanganywa. Ameambiwa kwamba shahidi yupo, na kwamba jina limefichwa kwa sababu.

Kwa wengine wote, kijana aombe ruhusa kwanza, na mzee akikataa akubaliwe. Akiruhusu, aandikwe jina lake, kijiji chake, na siku waliyozungumza. Kama alisema Kiha na kazi imeandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kijana aseme ni nani aliyefasiri, kwa kuwa makosa ya tafsiri si ya mzee. Kazi ikirudishwa na mwalimu, aipeleke akamsomee. Wazee wetu husahihisha vizuri, wala hawatumii kalamu nyekundu.

Walimu wengine hupenda masimulizi yawekwe katika orodha yake ya pembeni, na mwanafunzi hana budi kumtii mwalimu wake. Sisi tungependa orodha iwe moja. Bibi wa Heru Juu angekaa humo kati ya kitabu na kitabu, mahali ambapo herufi ya kwanza ya jina lake itamweka.