Taka Hii ni ya Nani?

Imam Ghazali hakuwahi kuiona chupa ya plastiki, lakini maganda ya matikiti aliyajua vizuri. Katika Ihyaa Ulumid-Din, kitabu alichokitunga baada ya kuacha ualimu wa Baghdad mwaka 1095, anafika mahali anaorodhesha maovu yaliyozoeleka misikitini, sokoni na hamamuni, kisha anatoka nje hadi barabarani. Huko anamkuta mchinjaji anayechinjia mlangoni pa duka lake na kuwarushia wapita njia damu. Anamkuta anayemwaga takataka njiani, na anayetawanya maganda ya matikiti mahali ambapo mtu anaweza kuteleza. Yote hayo anayatia kwenye fungu la munkari, pamoja na mambo ambayo waumini wamezoea kuyasikia yakikemewa mimbarini.

Kinachovutia zaidi ni anachosema kuhusu maji yaliyotuama njiani. Kama yametoka kwenye mfereji wa nyumba ya mtu anayejulikana, kuyaondoa ni juu ya mwenye mfereji. Kama ni ya mvua, hayo hayana mwenyewe: ni wajibu wa wote, watawala ndio wa kuwatoa watu wakayasafishe, na raia mmoja mmoja hana zaidi ya kunasihi. Yaani kabla ya kuuliza nani afagie, Ghazali anauliza uchafu umetoka kwa nani. Miji ya Afrika Mashariki imekuwa hodari wa kuuliza nani afagie. Lile swali jingine imelipita mbio.

Tanzania iliitikia kwa kishindo tarehe 9 Desemba 2015. Rais John Magufuli, akiwa na mwezi mmoja tu madarakani, alifuta sherehe za Uhuru na kuagiza nchi nzima ishike mafagio, kipindupindu kikiwa kinaitesa Dar es Salaam tangu Agosti. Yeye mwenyewe alionekana akizoa taka kwa mikono eneo la Feri, jirani na Ikulu. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikatengwa kuwa siku ya usafi.

Asiyeijua siku hiyo na apite Manzese, Dar es Salaam, saa mbili asubuhi. Shata zimeteremshwa nusu. Mwenye duka anafagia kwa fagio la chelewa mbele ya kizingiti chake, anafika pale eneo la jirani linapoanzia, anasimama. Hazidishi hata hatua. Watu wa serikali ya mtaa wanapita wakikagua, na neno faini haliko mbali. Mtaroni vijana wanatoa tope jeusi lililobeba chupa, vifuniko, pampasi na nailoni, wanalirundika ukingoni mwa mtaro uleule kusubiri gari la taka. Gari likichelewa, mvua haichelewi, na tope linarudi lilikotoka. Saa nne shata zinapanda, biashara inaendelea.

Mwaka 1785 mwanafalsafa Immanuel Kant alitoa mfano wa muuza duka asiyempandishia bei hata mtoto mdogo. Anatenda haki, alisema, lakini kama anafanya hivyo kwa kuchunga biashara yake tu, kitendo chake ni sahihi bila kuwa na thamani ya kimaadili. Mwenye duka wa Manzese akisomewa hukumu hiyo atacheka. Mtaro umezibuka au haukuzibuka? Wakazi wa Jangwani, ambao Mto Msimbazi huwaingilia hadi chumbani masika yakizidi, hawana haja na nia ya aliyezibua. Na wana haki ya kutokuwa na haja nayo.

Rwanda imekwenda mbali zaidi na njia hii ya amri. Kwa sheria ya mwaka 2007, mkazi mwenye uwezo, wa miaka 18 hadi 65, anatakiwa kushiriki umuganda, yaani kazi ya pamoja ya kijamii, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, kwa muda wa takriban masaa matatu; asiyefika bila udhuru anaweza kutozwa hadi faranga 5,000. Usafi wa Kigali unasifiwa na kila mgeni. Wasabato, ambao Jumamosi kwao ni ya ibada, hufanya zamu yao Jumapili, na hapo dola imekiri kimyakimya kwamba ipo amri iliyo juu ya fagio. Lakini umuganda una kumbukumbu nyingine pia. Ulifanywa mpango rasmi wa serikali mwaka 1974, enzi za Juvénal Habyarimana, na mwaka 1994 waliochochea mauaji ya kimbari waliyatumia mazoea hayohayo ya kuitikia wito wa kazi ya pamoja ili kuwakusanya wauaji. Hoja si kwamba Rwanda ya leo ifute umuganda. Ni kwamba Kant hakuwa akipiga porojo: mtu aliyezoea kutoka nyumbani kwa sababu ameitwa tu, siku moja anaweza kuitiwa jambo jingine.

Iko njia ya hiari. Waislamu wa pwani hufundishwa tangu madrasa kwamba imani ina matawi sabini na ushei, na lililo chini kabisa ni kuondoa njiani kinachoudhi. Chini kabisa, ndiyo, lakini bado ni tawi la mti uleule. Papa Fransisko naye, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, aliyahesabu mambo kama kutenganisha taka na kupunguza plastiki kuwa sehemu ya upendo kwa viumbe, hata pale ambapo hakuna anayeona.

Na anayeokota taka kwa hiari hasumbuki bure. Mwaka 1990 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake nchini Marekani walieleza jinsi walivyobandika vikaratasi kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa, wakahesabu madereva waliovitupa chini. Palipokuwa safi walitupa asilimia 14. Palipokuwa pamechafuliwa, asilimia 32. Dereva alipomwona mtu mwingine akitupa karatasi mbele yake, tofauti ilipanuka zaidi: 6 kwa 54. Usafi huwaita wenzake, na uchafu vilevile.

Ila sadaka ina tabia moja: humwacha anayeipokea bila deni. Anayetupa chupa kupitia dirisha la daladala hajui nani ataiokota, wala haimhusu. Fiqhi ina daraja linalofaa zaidi hapa, faradhi ya kifaya, kama kumkosha na kumzika maiti. Wakijitokeza wanaotosha, wengine wamesalimika. Asipojitokeza yeyote, mtaa mzima umebeba dhambi. Taka za barabarani zinaingia humo bila shida. Tofauti ni kwamba msiba huisha, watu wakatawanyika, na taka zinarudi kesho kwa wingi uleule. Mtaa unaozika kila siku una haki ya kuuliza nani anaua.

Hapo ndipo mfereji wa Ghazali unapokuwa na kazi. Soda ya chupa ya kioo imeuzwa kwenye mitaa hii kwa miaka mingi, na ni nadra kuiona chupa yake imezagaa. Anayeitaka huja na chupa tupu au huacha pesa ya chupa. Mwenye duka huirudisha kwenye kreti, na kreti hurudi kiwandani. Hakuna aliyehitaji mahubiri wala faini. Chupa ilikuwa na mwenyewe mwanzo hadi mwisho wa safari. Ilipokuja ya plastiki, kiwanda kilijitoa kwenye safari ya kurudi, na mzigo ukashushwa mlangoni kwa mwenye fagio.

Jina la kiwanda, hata hivyo, limebaki kwenye lebo. Tangu mwaka 2018 mtandao wa Break Free From Plastic umekuwa ukiwatumia watu wa kujitolea katika nchi nyingi kuhesabu taka kampuni kwa kampuni kabla ya kuzipeleka dampo, na nchini Tanzania asasi ya Nipe Fagio imefanya kazi hiyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka nayo inamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumika.

Wenye viwanda wana jibu lao: sisi hatukuitupa. Ni kweli. Lakini mwenye nyumba wa Ghazali naye angeweza kusema hakuileta mvua, na bado maji yaliyopitia mfereji wake yalikuwa juu yake. Hoja hii ya mfereji haimfuti aliyetupa. Inamwongeza wa pili.

Zinabaki taka zisizo na jina: vifuko vyembamba vya kufungia karanga na viungo, vipande vya nailoni ambavyo muokota makopo havigusi kwa sababu hakuna anayevinunua kwa kilo. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya rambo tarehe 1 Juni 2019, karibu miaka miwili baada ya Kenya, ilikuwa inakiri kwamba taka ya namna hiyo haina wa kudaiwa ikishafika mtaroni, hivyo ni lazima ikamatwe kabla haijauzwa. Vile ambavyo bado vinauzwa ndivyo kazi halali ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi.