Meza Moja, Mifuko Mbalimbali



Siku hizi, ikifika Ijumaa jioni, vijana wetu wa Njombe huulizana: "Wikiendi tunatoka?" Kutoka wanakokusema si kwenda kuwasalimu wazee kijijini. Ni marafiki watano, sita, au hata kumi kukusanyika Jumamosi, wakapanda gari mpaka Makambako, au wakabaki hapa hapa mjini, wakaketi mgahawani na kuagiza nyama choma na ndizi, au chipsi kuku, au ile nyama ya nguruwe waiitayo kitimoto, wakapiga picha na kuzungumza mpaka giza liingie. Wala si vijana peke yao. Walimu, wauguzi, wafanya biashara wa mbao na wa parachichi, hata baadhi ya wanakwaya wetu baada ya mazoezi, wote wana vikundi vyao vya namna hiyo.

Wapo wazee wenzangu wanaolaumu jambo hili lote kwa jumla, ati ni ubadhirifu. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyefanya kazi juma zima ana haki ya kuketi na rafiki zake mbele ya chakula asichokipika mwenyewe, hasa akina mama, ambao kwao meza ya nyumbani ni kazi nyingine tena. Bwana wetu alialikwa kula mara nyingi hata wapinzani wake wakamwita mlafi. Swali ninalotaka tulitazame ni dogo kuliko hilo, na kwa maoni yangu ni gumu zaidi: bili ikiletwa mezani, nani alipe?

Tuanze na Makambako, maana huko ndiko swali hili linakouma. Pale ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma inapokutana na ile itokayo Songea kwa kupitia Njombe. Na reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulimalizika mwaka 1975, ina stesheni pale pale. Malori ya Zambia na ya Kongo hupumzika hapo, na madereva hula saa zote. Kwa hiyo moto wa mkaa hauzimiki, na nyama ipo usiku na mchana. Kutoka Njombe ni kama kilomita 60. Kwa mwenye gari hizo ni safari ya kunyosha miguu. Kwa asiye na gari, nauli ya kwenda na kurudi ni bili ya kwanza, nayo hulipwa kabla hajaona hata sahani.

Sasa nitoe mfano. Binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi katika mwaka wake wa kwanza kazini, alikuwa akitoka na wenzake watano. Mshahara wake ni mdogo, na ndani yake anamsomesha mdogo wake. Siku hiyo aliagiza chai na chapati mbili. Wenzake waliagiza mbuzi wa kuchoma, kachumbari, soda na vingine ambavyo sina haja ya kuvitaja katika gazeti la parokia. Tuseme chakula chote kilikuwa cha shilingi 60,000, na chake yeye shilingi 2,000. Bili ilipokuja, mmoja akasema kwa furaha, "Tugawane sawa, sisi ni ndugu!" Kila mmoja akatoa 10,000. Naye alitoa, akicheka pamoja nao. Jumamosi ya pili alisema kichwa kinamwuma. Ya tatu alisema ana madaftari ya kusahihisha. Ya nne hakuulizwa.

Alinieleza haya alipokuja kuazima kitabu. Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia wenzake. Akanijibu, "Ningesema nini, Mwalimu? Kwamba mimi sina?"

Angalieni kwamba katika habari hii hakuna mtu mbaya. Hakuna aliyemdharau, wala aliyekusudia kumfukuza. Waligawana sawa kabisa, tena kwa jina la undugu, na kwa kugawana sawa wakampoteza mwenzao. Nimefundisha hesabu miaka mingi, na najua kwamba sita kwa sita ni hesabu sahihi. Lakini usawa wa hesabu na haki katika urafiki ni mambo mawili. Shilingi 10,000 kwa mwenye duka ni chenji. Kwa yule binti ilikuwa daftari, sabuni na mafuta ya mdogo wake.

Wengine watasema dawa ni rahisi: kila mtu alipe alichokula yeye. Desturi hiyo ipo duniani kote. Nimesoma habari za watu wa Ufilipino, nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, ambao hupenda mno kutoka na kula pamoja. Kundi la marafiki wao huliita barkada, neno walilolipata kwa Wahispania waliowatawala zaidi ya miaka 300, na asili yake ni watu wa chombo kimoja majini. Wanayo hata namna ya kula kwa mikono, wali na samaki vikitandazwa juu ya majani ya mgomba katikati ya meza, na kila mtu akila kutoka upande wake. Mbena yeyote angejiona yuko kwao. Watu hao wana majina mawili ya bili. Mmoja akiwalipia wote huitwa libre. Kila mtu akilipa chake ni kanya-kanyang bayad, ambayo hufupishwa kwa herufi tatu tu, KKB. Kinachonipendeza ni kwamba mara nyingi huulizana mapema, wakati wa kualikana: je, leo ni libre au KKB? Mwenye mfuko mwembamba hupata nafasi ya kupima uwezo wake akiwa bado nyumbani, pasipo kutazamwa na mtu. Sisi huona haya kuuliza. Twakaa kimya mpaka bili iko mezani, kisha twatazamana.

Hata hivyo, KKB haimalizi neno. Yule binti angelipa shilingi 2,000 zake na kuondoka bila deni. Lakini angeketi saa tatu mbele ya kikombe cha chai, moshi wa nyama ukimpita puani, huku wenzake wakila. Je, huko ni kula pamoja, au ni kula mahali pamoja?

Mtume Paulo alikutana na jambo la namna hii huko Korintho. Katika waraka wake wa kwanza kwao, sura ya 11, anawakemea Wakristo ambao wakikutanika kwa chakula kila mmoja hutangulia kula chake, hata huyu akabaki na njaa na yule akalewa. Wafafanuzi wengi hueleza kwamba wenye nafasi waliwahi kufika na vyakula vyao, na vibarua na watumwa walifika jioni baada ya kazi, wakakuta makombo. Kila mtu alikula chake. Kwa lugha ya leo, ilikuwa KKB kamili. Naye Paulo hakuwaambia wagawane gharama sawasawa, wala hakumwagiza tajiri mmoja alipie wote. Aliwaambia wangojane. Neno hilo nimelitafakari sana. Kumngoja mtu ni kukubali kwamba mwendo wa kundi upimwe kwa yule aliye nyuma.

Basi, ofa je? Kuna wenzetu ambao, pesa ikiingia, husema, "Leo ni juu yangu," na wote hushangilia. Ni jambo jema, nami nimekula ofa nyingi bila kujuta. Lakini tusijifiche kwamba ofa ina uzito wake. Anayelipa kila mara huanza kuchagua mahali, kisha saa, kisha mazungumzo; mwisho wake anajikuta ndiye mwenyekiti wa kikundi ambacho hakikumchagua. Naye anayelipiwa kila mara hujifunza kucheka hata pasipo kichekesho. Wafilipino wanalo neno la deni hili, utang na loob, yaani deni la ndani ya mtu, lile ambalo fedha haiwezi kulilipa. Kwetu sisi hatuna jina lake, lakini tunalijua vizuri. Mtu humsikia akisema, "Huyu amenilisha sana, siwezi kumkatalia," na hapo huenda anachoombwa ni kura yake, au saini, au ukimya. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anamshauri aliyemwalika asiwaite watu watakaomlipa kwa kumwalika tena. Kwa kawaida tunahubiri fungu hilo kwa habari ya maskini wa barabarani. Mimi nadhani linahusu pia meza ya marafiki: ukiona kwamba unahesabu nani anadaiwa ofa, umekwisha kuingia katika biashara.

Najua pingamizi linalokuja. Tukianza kumpima kila mtu kwa mfuko wake, si tutafuga wadoezi? Wapo, bila shaka. Kila mtaa una mtu ambaye pochi yake husahaulika nyumbani kila Jumamosi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; nayo ni methali ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia katika maandishi yake ya Ujamaa ya mwaka 1962, ili kuonyesha kwamba ukarimu wa zamani haukuwa ruhusa ya uvivu. Nakubali. Lakini mdoezi na asiye nacho hawafanani hata kidogo. Mdoezi huja bila kuitwa. Asiye nacho, kama tulivyoona, ndiye anayeacha kuja. Sheria inayotungwa kwa ajili ya kumzuia wa kwanza kwa kawaida humfukuza wa pili, na wa kwanza bado yupo, anaomba mfupa.

Tulipokuwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sukari na sabuni zilikuwa za kupangia foleni, hatukuwa na swali hili kwa sababu sote hatukuwa na kitu. Tulikula ugali na maharage katika sinia moja, na mwenye kasi alipata zaidi. Sisemi kwamba wakati ule ulikuwa bora. Njaa si adili. Na wazee wa vijijini katika vilabu vya ulanzi walizungushiana chombo kimoja, wala hakuna aliyehesabu mafunda ya mwenzake. (Habari ya ulevi ina ukurasa wake, nisiulizwe hapa.) Nasema tu kwamba sahani zilipotengana, kila mmoja na yake, na bei ikaandikwa ukutani, tofauti iliyokuwa imefichika kati yetu ilipata mahali pa kuonekana. Aristotle, mwalimu wa Wayunani wa kale, alikumbusha methali ya kwao kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Na mtu yule yule aliandika kwamba tofauti ikizidi mno, hata ya mali, urafiki hauwezi kusimama. Mambo hayo mawili yanaonekana kupingana. Nadhani hukutana hapo penye kuchagua mahali pa kwenda. Mwenye nacho anaweza kula chapati. Asiye nacho hawezi kula mbuzi. Kwa hiyo anayeweza kusogea ndiye asogee, tena mapema, kabla ya safari, bila kutangaza kwamba amesogea kwa ajili ya fulani.

Kuna mwingine anayesahauliwa, naye hayuko mezani kabisa. Ni aliyebaki nyumbani. Baba anayekula nusu kilo ya nyama Makambako, akarudi usiku akinukia moshi, akawakuta watoto wamelalia ugali na mboga ya majani, huyo hata angelipa bili yake kwa uaminifu wa mhasibu, bado anadaiwa. Wafilipino wana desturi ya pasalubong: mtu akitoka, hurudi na kitu kidogo kwa waliobaki. Sisi tunayo pia. Abiria wa mabasi hununua vitu dirishani kwa sababu hiyo hiyo, na zamani mzazi alirudi sokoni na maandazi yaliyofungwa katika gazeti. Siku hizi mhudumu akiuliza kama akufungashie, wengi husema hapana, kwa kuwa kubeba mfuko mbele ya marafiki huonekana ushamba. Ushamba wa kuwakumbuka watoto, mimi naukubali.

Kipo kikundi kimoja cha walimu na wauguzi hapa mjini ambacho kimepata njia yake. Katikati ya juma kila mmoja humpa mama mmoja mtu mzima bahasha isiyo na jina, kama zile za sadaka, mwenye nyingi na mwenye kidogo. Mama hufungua zote kwa pamoja, huhesabu jumla, kisha hutangaza ni wapi watakwenda. Aliyeweka nini, hakuna ajuaye. Mwezi Februari, baada ya michango ya shule ya Januari, bahasha zilikuwa nyepesi, na Makambako haikufikiwa. Walikwenda kwa miguu mpaka kwenye maporomoko ya mto Ruhudji, nje kidogo ya mji, wamebeba viazi vya kuchemsha, njegere, na chupa mbili kubwa za chai. Mvua iliwakuta wakati wa kurudi. Yule binti alikuwamo. Ndiye aliyebeba chupa.