ASANTE ISIYOSEMWA

Mwaka 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa huko Burundi, makundi ya watu yalivuka mpaka na kuingia katika nchi ya juu ya Kibondo na Kasulu. Mwaka 2015 walikuja wengine, wakapokelewa katika kambi za Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, na Nduta, wilaya ya Kibondo. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Mrundi ashukurupo husema "urakoze", yaani "umetenda". Neno hilo lina hekima, kwa kuwa lamtazama aliyetenda, si aliyepokea. Na "asante" yetu, iliyotoka katika Kiarabu, maana yake ni "umefanya vema".

Mbona basi twaisema kwa shida? Mume hula ugali na maharage ya mkewe miaka ishirini, asimwambie neno. Akiulizwa husema, "Yeye ajua." Je, ajua kweli? Mwaka 2018 wataalamu wawili wa Marekani, Amit Kumar na Nicholas Epley, walieleza uchunguzi wao juu ya watu walioandika barua za shukrani. Waandishi walidhani wapokeaji wataona jambo hilo la ajabu. Kumbe wapokeaji walifurahi kupita walivyodhaniwa. Naye Martin Seligman na wenzake walionyesha mwaka 2005 ya kuwa mtu akimwandikia mfadhili ambaye hakumshukuru ipasavyo, akampelekea barua hiyo mwenyewe, furaha yake yeye mwandishi huongezeka, hata kwa muda wa mwezi.

Pengine mtu atauliza: Je, kushukuru ili nipate furaha si ubinafsi? Swali hili ni la haki. Asante inayotazama faida yake ni biashara. Lakini hakuna awezaye kusema kwa kweli "umetenda" asipoacha kwanza kujitazama, akakumbuka alivyotendewa. Hapo huona ya kuwa hakuishi kwa nguvu zake peke yake, na moyo wake hupata faraja.

Tena tujihadhari na kosa la pili, ndilo kudai asante. Katika Injili ya Luka wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja tu, naye alikuwa mgeni. Bwana aliwauliza wale tisa wako wapi, lakini hatusomi kwamba aliwarudishia ukoma. Vivyo hivyo mkimbizi aliyepewa unga halazimiki kupiga magoti kila siku.

Lakini sisi wa mikoa mingine, tusiogawana kuni wala maji na wageni hao, je, tumewahi kuwaambia ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo, "Mmetenda"? Sifa ya ukarimu twaipokea sote kama taifa; mzigo waliubeba wao.

Basi, wazazi, tuanze nyumbani. Leo jioni, kabla ya vyombo kuondolewa, kila mmoja amtaje mwenzake kwa jina, na tendo lake alitaje, mbele ya watoto. Wala tusingoje siku ya maziko, kwa maana marehemu hasikii hotuba zetu.