Foleni ya Kajaga na Chuki ya Ulaya



Mwanachuo Mwislamu wa Bujumbura atakueleza bila kusita kwamba chama cha Geert Wilders kilishika nafasi ya kwanza katika uchaguzi wa Uholanzi wa Novemba 2023 kwa viti 37 kati ya 150, na kwamba Februari 2025 chama cha AfD kilikuwa cha pili Ujerumani kwa asilimia 20.8 ya kura. Muulize basi la mwisho la Gatumba linalopita Kajaga linaondoka mjini saa ngapi. Atacheka. Linaondoka likijaa, kama mafuta yapo.

Baada ya darsa huzuka ubishi. Mmoja husema: ya Ulaya yanatuhusu nini, wakati dada zetu wanarudi Kajaga kwa miguu gizani? Mwingine hujibu kwamba umma ni mwili mmoja, na anayefikiria basi tu ana moyo mdogo. Naona wote wawili wamekosea mahali pamoja, kwa kudhani kwamba haya ni mambo mawili.

Siasa kali za mrengo wa kulia huonekana kama ugomvi juu ya minara na hijabu. Kweli, Novemba 2009 Waswisi walipiga kura kuzuia ujenzi wa minara, na nchi nzima ilikuwa na minara minne! Lakini kiini chake ni foleni. Chama cha Marine Le Pen nchini Ufaransa kimeshikilia kwa miaka mingi fikra ya kumtanguliza mwenyeji: apewe kazi kwanza, nyumba za umma kwanza, na mgeni asubiri. Aliyechoka kungoja nyumba haambiwi kwamba nyumba ni chache. Anaambiwa kuna mtu amemruka kwenye foleni. Kisha anaonyeshwa mtu huyo kwa kidole, na jina lake ni kama lako.

Sasa tazama njia yetu. Machi 2022 baiskeli za abiria, pikipiki na tuk-tuk zilipigwa marufuku katikati ya Bujumbura, na sababu iliyotajwa ni ajali. Ukaja uhaba wa mafuta, maana nchi haina fedha za kigeni za kutosha kuyaagiza, na mabasi yenyewe yakapungua. Mto Rusizi na ziwa yakifurika, kama mwaka 2024, barabara ya Gatumba huingia maji. Kajaga iko katikati ya njia, na hapo ndipo taabu yake: asubuhi basi linatoka Gatumba limeshajaa, linapita bila kusimama. Magari ya watu binafsi nayo yanapita, mtu mmoja ndani, viti vinne vitupu.

Mtu akisimama kituoni saa mbili, ulimi hulegea. Nimesikia mara nyingi: Wakongo wamezidi, wao ndio wanaotumalizia nafasi. Au: hawa wa kutoka mikoani wamefuata nini mjini? Msemaji huenda ndiye aliyewalilia ndugu zetu 51 waliouawa misikitini Christchurch Machi 2019. Na anasema hivyo kwa Kiswahili, lugha anayoshirikiana na Mkongo huyo! Mkongo akishuka, basi litabaki moja na mafuta hayataongezeka hata lita.

Sisi wa njia hii hatuna udhuru wa kutojua maneno huweza kufika wapi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba, si mbali na Kajaga, waliuawa wakimbizi zaidi ya 150 kutoka Kongo, wengi wao Banyamulenge. Sisemi manung'uniko ya kituoni ni sawa na mauaji. Nasema kumhesabu mtu kuwa amezidi ni hatua ya mwanzo, na hatua hiyo haihitaji pasipoti ya Ulaya.

Katika Surat an-Nisaa, aya ya 36, Allah ametaja haki ya jirani wa karibu na ya jirani wa kando, na miongoni mwa wafasiri wapo waliomwingiza katika huyu wa pili hata asiye wa dini yako. Aya hiyo hiyo inamtaja mwenzi wa ubavuni, na wapo waliosema ni mwenzako wa safari. Basi abiria mliyebanana naye kiti kimoja ana haki ndani ya Qur'ani, awe wa Uvira, awe wa Ngozi. Hili hatulisikii sana katika mihadhara yetu.

Inasimuliwa pia kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alihofia kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa Iraq kwa kukosa kutengenezewa njia. Wengi huitaja habari hii kuwasuta watawala, na wana haki. Mimi linanivuta jambo jingine. Umar yuko Madina, mnyama yuko Iraq, na umbali haukumwondolea dhima, kwa kuwa njia ile ilikuwa chini ya mkono wake. Kwa hiyo swali si karibu au mbali. Swali ni nini kiko mkononi mwako. Kura ya Mholanzi haiko mkononi mwetu. Tuna dua na elimu. Kauli ya kituoni iko mkononi mwetu, na viti vile vitupu viko mikononi mwa baadhi ya wazazi wetu.

Utasema usafiri ni kazi ya serikali. Ndiyo, na tuidai. Lakini kumfikisha mtu nyumbani leo usiku ni fardhi kifaya, na sijamwona aliyeibeba.

Jumuiya yetu huweka mihadhara juu ya Waislamu wa Ulaya baada ya Isha, saa ambayo kupata basi la Kajaga ni bahati. Napendekeza ihamishiwe baada ya Alasiri, na kamati iandike mapema wenye magari wanaoelekea Gatumba na idadi ya viti walivyo navyo. Wakifika kituoni wasiulize nani ni mwanachama wala nani katoka wapi. Wamchukue aliyetangulia kufika.