Kumjaribia Mgonjwa Dawa: Je, ni Kumdanganya?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu suali ambalo twaona si haki kulijibu barazani tu likaishia hapo. Mtu aliyepatwa na maradhi ya kutetemeka, yaitwayo ugonjwa wa Parkinson, huambiwa kuwa kuna dawa mpya yajaribiwa. Wagonjwa watagawanywa mafungu mawili: hawa watapewa dawa, na hawa watapewa kitu kisichokuwa dawa, wala mgonjwa hatajua yumo katika fungu gani. Je, huku si kumdanganya mgonjwa? Na mtoto wa mzee huyo, yamfaa kumtia mzazi wake katika jambo hilo?

Maradhi haya yalielezwa na tabibu wa London, James Parkinson, mwaka 1817. Ndani ya ubongo mna chembe hai zitengenezazo kitu kiitwacho dopamini, na kwacho viungo huenda kwa utaratibu. Chembe hizo zifapo, mkono hutetemeka, hatua huwa fupi, na uso hukauka hata watu wa nyumbani wakadhani mzee amenuna. Tangu miaka ya 1960 iko dawa ya levodopa, ambayo ubongo huigeuza ikawa dopamini. Yasaidia sana, lakini haizuii chembe kuendelea kufa, na miaka ikipita viungo huweza kuanza kujitupa ovyo. Ndiyo maana watu hawajaacha kutafuta.

Basi kwa nini wasiwape dawa wagonjwa wote wakaona matokeo? Kwa sababu maradhi haya yana jambo la ajabu. Mwaka 2001 wataalamu wa Kanada walionyesha, kwa picha za ubongo, kwamba mgonjwa aliyepewa dawa tupu naye aitaraji nafuu, ubongo wake hutoa dopamini kweli kweli. Tumaini peke yake lamnyosha mkono! Sasa tabibu akiona mgonjwa ametengenea, atajuaje kama ni dawa au ni tumaini?

Mwenye kusema kwamba haya ni mambo ya kigeni na amkumbuke Abu Bakr ar-Razi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10 miladi. Yeye aliandika kuwa kundi moja la wagonjwa aliwatoa damu, na kundi la pili akaliacha makusudi, apate kujua faida ya kule kutoa damu.

Udanganyifu ni kumficha mtu jambo ambalo lau angelijua asingelikubali. Aliyeambiwa mapema, wazi, kwamba huenda akapewa kitu kitupu, naye akaridhika, hakudanganywa. Amefichwa fungu lake tu, na kufichwa huko amekukubali mwenyewe.

Lakini kidonge ni kidonge; kutoboa fuvu ni jambo jengine. Mwaka 2001 zilitolewa khabari za jaribio la Marekani lililokuwa na wagonjwa 40. Wote walitobolewa kichwa. Ishirini wakatiwa chembe zilizotoka katika mimba zilizotolewa (na jambo hilo lina hukumu yake, halimo katika suali la leo), na ishirini hawakutiwa kitu. Wagonjwa walipoulizwa hali zao baada ya mwaka, kwa jumla hapakuwa na tofauti baina ya mafungu mawili, ijapokuwa walio chini ya miaka 60 walionekana kupata nafuu ya viungo. Kisha baadhi ya waliotiwa chembe wakapatwa na mienendo isiyozuilika, hata walipopunguziwa dawa zao. Lau tiba ile ingaliuzwa bila kupimwa, ni watu wangapi wangalidhurika?

Hata hivyo twasita. Kumtoboa mtu kichwa ilhali huna la kumtia ni dhara, na dhara haihalaliki kwa faida ya wengine hivi hivi. Twaona yafaa pale tu ambapo hapana njia nyengine ya kuujua ukweli, na hatari ni ndogo, na aliyetobolewa bure atatangulizwa tiba ikithibiti kufaa. Wale wa Marekani waliahidiwa kutiwa chembe baadaye wakitaka.

Na suali hili halijapita. Mwaka 2025 zilitangazwa khabari za wagonjwa 7 wa Kyoto, na 12 wa Marekani na Kanada, waliotiwa chembe zilizooteshwa maabara. Zilionekana kuwa salama, na baadhi yao walipata nafuu. Lakini hapakuwa na fungu la kulinganisha, kwa hivyo hatuwezi kuitenga dawa na tumaini. Mwenye kuuza kiwanja chake leo ili akatiwe chembe na mfanya biashara amwambiaye "utapona" ndiye aliyedanganywa, wala hakuna aliyemwandikia fungu.

Hata upupu wetu, ule uwashao, mbegu zake zina levodopa. Mwaka 2017 zilitolewa khabari za jaribio la unga wake huko Bolivia. Wagonjwa 18 walipewa kwa zamu: unga, vidonge, na dawa tupu pia. Kila mmoja alionja vyote, asidhulumiwe mtu. Unga ule ulifanya kazi karibu na vidonge. Lakini asichanganye mtu unga na vidonge vyake pasi na tabibu, kwani itakuwa levodopa juu ya levodopa.

Ama mtoto, maadamu mzee ana akili zake, idhini ni ya mzee. Tumesikia "mzee amekubali," kumbe mzee aliulizwa mbele ya wageni akaona haya kukataa. Na aulizwe faraghani, kwa lugha yake: huenda usipewe dawa, huenda ukapewa ikakudhuru, na waweza kutoka siku yoyote utakayo. Akinyamaza, kunyamaza kwake si idhini. Yeye si mwanamwali aposwaye, na maradhi yenyewe yamekwisha kumkausha uso, hausomeki. Arejewe siku ya pili, aulizwe tena.