Sasisho la Gemu Limegoma: Unatengeneza Mtandao au Unamsukumia Mwenzako Shida?



Leo nina swali ambalo huenda hukutegemea kulikuta hapa. Gemu yako ya mtandaoni imetoa sasisho jipya, GB 30. Unabonyeza kupakua, inafika asilimia 4, inasimama. Inaenda kidogo, inasimama tena. Muda uliobaki unaandikwa saa 9, mara siku 2. Wenzako wameshaingia uwanjani, wewe unakodolea macho mstari usiosogea. Je, una haki ya kufanya nini ili sasisho hilo liingie?

Najua wengi mtasema hilo ni swali la fundi, si la dhamiri. Mimi hostelini kwetu ndiye ninayeitwa laptopu ya mtu ikigoma, na kwa kazi hiyo nimegundua kwamba marekebisho yako ya aina mbili. Kuna rekebisho linaloondoa tatizo, na kuna rekebisho linalomhamishia tatizo mtu mwingine. Yote mawili yanafanya mstari uende. Ukiwa umekaa mbele ya skrini yako huwezi kuyatofautisha, na hapo ndipo dhamiri inapoingia.

Tuanze na aina ya kwanza, maana watu huiruka. Wengi wanaolalamika kwamba mtandao ni mbovu hawajapiga hesabu. Kasi ya intaneti inauzwa kwa megabiti, lakini gemu mara nyingi inaonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo laini ya megabiti 20 kwa sekunde itakupa MB 2.5 kwa sekunde, tena ukiwa peke yako na mambo yakiwa mazuri. GB 30 kwa kasi hiyo ni kama saa 3 na dakika 20. Hapo hakuna kilichoharibika jamani, una haraka tu.

Halafu kuna suala la diski. Ukitumia Steam, ukurasa wa vipakuliwa unaonyesha kazi ya mtandao na kazi ya diski kila moja peke yake. Kuna wakati mtandao unasoma sifuri huku diski inachapa kazi kwelikweli, kwa sababu sasisho dogo linaweza kuilazimisha gemu kuandika upya faili kubwa sana. Kijana anaona sifuri, anakatisha, anazima laptopu, anawasha, anaanza tena. Angenyamaza dakika kumi ingeisha yenyewe. Na kama diski imejaa haitaisha hata ungoje mpaka Pasaka, kwa sababu gemu huhitaji nafasi ya kupangia faili jipya kabla ya kufuta la zamani.

Mengine ni ya kawaida. Sogea karibu na ruta, au chomeka waya kabisa. Zima ruta, subiri kidogo, washa. Kama VPN iko hewani, izime ujaribu bila hiyo. Antivirasi inayokagua kila faili linaloingia nayo huweza kuchelewesha. Kwenye mipangilio ya Steam badilisha eneo la kupakulia, kwa sababu seva uliyopangiwa inaweza kuwa imezidiwa na watu wakati ya jirani imetulia. Futa akiba ya vipakuliwa. Ikikwama kila mara mahali pale pale, iambie ikague mafaili ya gemu, huenda moja limeharibika. Na kuna siku tatizo liko mbali kabisa na wewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu ikayumba. Siku kama hiyo hata uzime ruta mara ishirini, unachosha kidole tu.

Katika hayo yote hakuna aliyepungukiwa. Umetengeneza kilicho chako, au umengoja.

Sasa aina ya pili. Hostelini kwetu tuko 14, ruta moja, na kila mwezi kila mtu anachanga kiasi sawa. Jumapili moja jioni dada wa vyumba vya chini aliniita. Alikuwa anapakia viambatanisho vya maombi ya mkopo wa masomo na mwisho ulikuwa saa 6 usiku wa siku hiyo hiyo. "Kaka, hebu njoo uniangalizie, hiki kitu kinazunguka tu tangu magharibi." Laptopu yake ilikuwa nzima. Mtandao wenyewe ulikuwepo. Ila chumba cha juu jamaa yetu alikuwa anashusha sasisho la gemu kwa kasi yote ambayo laini ingeweza kutoa, na kwenye hiyo hiyo laini alikuwa anatuma video zake za mechi.

Nikapanda nikamwomba apumzishe kidogo. Alinijibu bila jazba: "Bro, mimi nimechanga kama yeye. Nani kasema mkopo wake ni muhimu kuliko gemu yangu? Wiki nzima nimesoma, leo ndiyo siku yangu ya kupumzika. Halafu kuna ile app ya kuwatoa watu kwenye waifai, ninayo hapa, sijaitumia. Nimekaa kistaarabu."

Alisimamisha kwa dakika ishirini, dada akamaliza, basi. Lakini swali lake naliheshimu, na sidhani linastahili kujibiwa kwa kumwambia tu awe na upendo. Amelipa. Hajavunja kanuni yoyote. Kwa nini apishe?

Ili kumjibu inabidi tujue mtandao unagawanya vipi kasi. Oktoba 1986 huko California, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha Berkeley, mahali ambapo umbali wake haufiki mita 400, kasi ya data ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Mara 800! Hakuna waya uliokatika. Kompyuta zilikuwa zinaona ujumbe haujafika, zinautuma tena, na tena, kila moja ikipigania wa kwake, mpaka njia ikajaa nakala na karibu kila mtu akawa hapati kitu. Mtafiti Van Jacobson akishirikiana na Mike Karels walitafuta dawa, na mwaka 1988 Jacobson akaichapisha: kompyuta ianze polepole, na ikiona dalili kwamba njia imezidiwa, ipunguze kasi yake yenyewe kwa kiasi kikubwa, halafu ipande tena taratibu. Hakuna trafiki anayesimama katikati kuamuru. Kila mashine inapisha kwa sababu mashine nyingine nazo zinapisha. Mpaka leo sehemu kubwa ya intaneti inaenda kwa wazo hilo, na mimi kila nikilifikiria nashangaa kwamba kitu kikubwa namna hii kinasimama kwa kupishana.

Ila kuna tundu. Kupisha huko kunahesabiwa kwa kila muunganisho, hakuhesabiwi kwa kila mtu. Programu ya kupakulia gemu hufungua miunganisho mingi kwa pamoja, wakati dada anayepakia cheti chake ana mmoja. Fikiria foleni ya maji bombani ambapo sheria ni ndoo moja kwa zamu. Wewe umekuja na ndoo yako moja. Mwenzako amekuja na ndoo nane, zote amezipanga kwenye foleni. Kila ndoo inangoja zamu yake vizuri kabisa. Ukimlalamikia atakuuliza amekosea wapi.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa jamaa yetu ni kwamba hoja ya "nimechanga sawa" haimsaidii kama anavyodhani. Amechanga sehemu moja ya kumi na nne, na jioni ile alikuwa anabeba karibu laini nzima. Usawa wa mchango unamtetea dada kuliko unavyomtetea yeye.

Lakini tusiishie hapo, kwa sababu angeweza kusema: sawa, nipunguzieni mpaka sehemu yangu, na dada abaki na yake, mkopo au si mkopo. Hapo mafundisho ya Kanisa yanasogea zaidi ya hesabu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unafundisha kwamba mali za dunia zimekusudiwa watu wote, na kwamba hata kile unachomiliki kihalali unapaswa kukitazama kama kitu kinachowafaa na wengine. Hii inamgusa hata yule kaka mkubwa wa nyumbani anayelipa intaneti yote kutoka mfukoni mwake na kuwaambia wadogo zake "ruta ni yangu". Ni yake kweli. Ndiyo maana ana kitu cha kujibu.

Wakati huo huo sipendi tunavyokimbilia kusema gemu ni upuuzi na kazi ya dada ni takatifu. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha wazi kwamba akili ya mtu inachoka kama mwili unavyochoka, na kwamba mchezo una nafasi yake ya kuipumzisha. Jamaa yetu alisema kweli kuhusu wiki yake. Na yule anayeangalia tamthilia saa nne mfululizo asijione mtakatifu kwa kuwa hachezi gemu. (Mnangoja nimtaje Mtakatifu Carlo Acutis, najua. Inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu ya gemu kwa wiki. Ila alifariki mwaka 2006, na gemu za PlayStation enzi hizo zilikuja kwenye diski, kwa hiyo mtihani wetu huu wa masasisho hakuujua.)

Kipimo ninachokiamini mimi ni kingine: nani akingoja hapotezi kitu? Sasisho likiingia saa 2 usiku au saa 8 usiku ni lile lile, biti kwa biti. Halichachi. Maombi ya mkopo yakipita saa 6 yamekufa. Na sauti ya mama aliyepiga simu ya video kutoka kijijini ikichelewa sekunde tano, hayo si mazungumzo tena, ni watu wawili wanakatizana. Ruta ikijazwa, kila kitu kinakaa foleni ndani yake, na anayeumia kwanza ni yule ambaye kwake kila sekunde ina maana. Anayeweza kungoja bila hasara anadaiwa na asiyeweza. Simwiti mwema kwa kungoja, namwita mtu aliyelipa deni.

Na mimi fundi? Nywila ya ruta ninayo. Ningeweza kuingia kimya kimya nikamminya jamaa kasi, naye asingejua. Jambo hilo ninalikataa hata pale ninapoona niko sahihi, kwa sababu nikishaanza kuamua peke yangu, gizani, nani anastahili kasi, nimekuwa yule yule mwenye app ya kuwatoa watu kwenye waifai. Nimewapita kwa nywila tu.

Tulichofanya ni kukaa chini, wote 14, siku ya Jumatano. Mambo ya kufanya yenyewe ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Steam ina sehemu ya kuweka kikomo cha kasi ya kupakua, na sehemu ya kupanga masaa ambayo masasisho yaingie yenyewe. Tangu 2023 ina pia uwezo wa laptopu moja kuipa nyingine mafaili ya gemu kupitia mtandao wa ndani, bila kugusa intaneti, mradi wote wawili wana gemu hiyo na mwenye nayo ameruhusu. Wachezaji wetu ni watatu. Mmoja anashusha, wawili wanachukua kwake. GB 90 zimekuwa GB 30. Na wote watatu wamekubali kushusha kuanzia saa 7 usiku.

Hapo dada wa chini, yule yule wa mkopo, akanyoosha mkono. Laptopu ikikesha inapakua, umeme wa luku analipa nani? Tunachanga sote. Nikapiga hesabu mbele yao: tuseme wati 60 kwa saa 5, hiyo ni uniti 0.3 kwa usiku. Jamaa akasema ni kitu kidogo. Dada akasema hata muda wake wa kupakia viambatanisho ulikuwa kitu kidogo. Tumeahirisha mpaka Jumamosi, na mpaka naandika hapa sijajua nitapiga kura upande gani.